Shangazi, usimpeleke kijijini kwanza

Shangazi, shikamoo.

Jumapili ulinikatia simu kabla sijamaliza, na haki yako ulikuwa nayo. Nilishaanza kumpandishia sauti mtu aliyenibeba mgongoni. Ndiyo maana leo naandika. Najua simu yako ndogo haifungui mambo haya, lakini binti yako wa mwisho atakusomea, na akifika kwenye majina ya Kizungu mwambie asiyaruke. Nimeiacha barua wazi kwa sababu wale akina mama tunaokutana nao kwenye benchi asubuhi, wanaowasindikiza watoto wao kunywa dozi, wana maneno yaleyale uliyoniambia wewe. Jina la mwanao sitalitaja. Nitamwita Binamu, basi.

Ulisema miezi tisa ya methadoni, ile dawa anayokunywa ili aachane na heroini, imepotea bure, kwa kuwa kipimo cha mkojo kimemkuta na unga. Ukasema hata hiyo methadoni yenyewe ni unga wa serikali. Na ukasema mwisho wa mwezi anapanda basi la Newala, kwa Bibi, akapalilie korosho, tuone huko kete ataipata wapi.

Nianze na ule mkojo, maana hapo nahisi tumemkosea sote, mimi nikiwa wa kwanza.

Unakikumbuka kikohozi kile? Zahanati ya mtaani walipima makohozi, wakamkuta na kifua kikuu, wakamwanzishia dawa. Siku chache baadaye uliniita uwani ukaninong'oneza kwamba mkojo wake umegeuka rangi ya chungwa, ukidhani ni figo. Rangi ile huletwa na rifampisini, dawa mojawapo kubwa ya TB, na yenyewe haina shida. Shida ilikuwa kwamba pale zahanati hakusema anakunywa methadoni. Mtu aliyeitwa teja miaka kumi hajitangazi kwenye foleni. Na kule anakonywa dozi hakusema ana TB, akiogopa watamtenga. Kila upande ukatibu nusu ya mtu.

Wiki ya pili ikaanza miayo isiyoisha, makamasi, vinyweleo vimesimama kama kuku aliyenyonyolewa, na lile jasho la usiku lililolowesha shuka. Wewe ulisema ni TB. Mimi nikasema ni TB. Yeye alijua ni arosto, yale mateso ya mwili unapokosa dawa uliyoizoea, kwa sababu anaijua kama wewe unavyoijua njia ya sokoni, ila hakuelewa imetoka wapi wakati dozi anakunywa kila siku bila kukosa. Alivumilia hadi usiku wa tano. Wa sita akatoka kutafuta unga.

Haya ameniambia juzi, baada ya wewe kukata simu. Nikaenda kusoma, na huko ndiko nilikokutana na mama mmoja wa New York anayeitwa Mary Jeanne Kreek.

Mwaka 1964 Kreek alikuwa daktari kijana aliyechukuliwa kufanya kazi na Vincent Dole na mkewe mtarajiwa, Marie Nyswander, katika Taasisi ya Rockefeller. Dole hakuwa mtu wa mambo ya dawa za kulevya hata kidogo. Alikuwa akichunguza jinsi mwili unavyotumia chakula, na watu wanene. Nyswander ndiye aliyekuwa daktari wa akili aliyewazoea mateja. Kwanza walijaribu kuwapa wagonjwa mofini. Ikawa balaa: wagonjwa walikaa na nguo za kulalia mbele ya televisheni, wakisubiri sindano inayofuata, na kila siku wakitaka zaidi. Wakawabadilishia methadoni. Baada ya muda mmoja akaanza kuchora picha, mwingine akawa anawasumbua madaktari arudi kumalizia shule. Mwaka 1965 wakachapisha habari za wagonjwa 22, na dunia ya utabibu ikagawanyika kama mimi na wewe Jumapili.

Dole na Nyswander ndio wenye jina. Lakini Kreek ndiye aliyebaki maabara, akafuatilia dawa hii inafanya nini mwilini mwaka hadi mwaka: kwenye damu, kwenye ini, kwenye homoni. Alikaa palepale Rockefeller mpaka alipofariki mwaka 2021. Na mwaka 1976, Shangazi, yeye na wenzake waliandika juu ya wagonjwa wa methadoni waliokuwa na TB wakapewa rifampisini. Kati ya 30, watu 21 walipata arosto wakiwa kwenye dozi ileile iliyokuwa ikiwatosha. Rifampisini hulichochea ini kuivunjavunja methadoni haraka kuliko kawaida. Unakunywa asubuhi, jioni kikombe kimeshakauka.

Nilisoma hapo nikasimama, nikaenda kunywa maji. Mwaka 1976 mimi sijazaliwa, na kilichompata Binamu kilishaandikwa.

Tiba yake ipo na ni ya kawaida: daktari wa methadoni akijua, anaongeza dozi taratibu kadiri dawa ya TB inavyotumika, na TB ikiisha anaishusha tena taratibu. Dawa za TB haziachwi. Hili nalisisitiza kwa sababu Binamu mwenyewe alishahisi vile vidonge ndivyo mchawi wake, na alikuwa anawaza kuvitupa chooni. Angetupa, tungekuwa na msiba wa aina nyingine, tena kwenye nyumba yenye watoto wadogo.

Sasa lile la unga wa serikali. Sikucheki, hata wasomi wamelisema kwa maneno marefu zaidi. Na si uongo kwamba methadoni ni ndugu wa heroini, na mwili huizoea. Tofauti iko kwenye saa. Unga hupanda haraka, ukashuka haraka, baada ya saa chache mtu anatafuta tena, ndiyo maana Binamu siku yake yote ilikuwa kazi moja: kutafuta hela, kutafuta kete, kuikimbia arosto. Methadoni hupanda polepole na kukaa zaidi ya siku nzima. Mtu aliyefikia dozi yake hapai wala hasinzii ovyo. Anakunywa mbele ya muuguzi, anaambiwa aseme neno ionekane amemeza, anaondoka. Zile siku alizokutengenezea banda la kuku, akakugombeza eti misumari uliyonunua ni mibovu, hiyo ndiyo methadoni ikifanya kazi. Ulinisimulia mwenyewe huku unacheka.

Kuna jambo jingine sikukwambia kamwe, kwa sababu ni zito. Mwaka 2005 Sheryl McCurdy, mtafiti wa kutoka Texas, akiwa na wenzake wakiwemo Profesa Kilonzo na Leshabari wa Muhimbili, waliandika kuhusu kitu walichokikuta kwa wanaojidunga hapa hapa Dar es Salaam, hasa akina dada. Aliyepata kete akishajidunga, huvuta damu yake kwenye bomba la sindano na kumpa mwenzake asiye na hela ajidunge damu ile, kwa matumaini kwamba imebaki na unga kidogo wa kumtulizia arosto. Rudia hapo, Shangazi. Damu. Na wanaitana dada, wanaona wanahurumiana. Utafiti wa miaka ile uliwakuta wanaojidunga hapa mjini wakiwa na virusi vya UKIMWI takriban wanne katika kila kumi.

Ndiyo sababu Februari 2011 Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni, ya kwanza ya umma Tanzania Bara, kisha Mwananyamala na Temeke wakafuata. Madaktari wetu, Jessie Mbwambo akiwa mmoja wao, hawakuamka tu na kuamua kuwafurahisha mateja. Kule New York, Kreek na wenzake walikuwa na damu za wagonjwa zilizohifadhiwa tangu zamani. UKIMWI ulipojulikana, walizirudia na kuona virusi vilishaingia kwa wanaojidunga tangu mwaka 1978, na waliokuwa kwenye methadoni kabla ya hapo walikuwa wameambukizwa kwa uchache sana kuliko wa mitaani. Binamu alijidunga miaka minne. Kipimo chake unakijua, na ulivyosujudu siku ile nilikuona.

Umenitajia mara nyingi neno "tabia". Akiamua ataacha, unasema. Niruhusu niwe mtoto mtundu kidogo. Vidonge vyako vya presha unavinywa mwaka wa ngapi? Na pale harusini, ulipoanguka, si ulikuwa umeviacha wiki tatu kwa sababu ulijisikia mzima? Hakuna aliyesema dawa ya presha ni bure. Tulikuinua, tukakupeleka hospitali, wakakurudishia dawa. Mwaka 2000 mtafiti wa Philadelphia, Thomas McLellan, na wenzake waliuweka uraibu kando ya presha, kisukari na pumu, wakaona kurudia kutumia dawa za kulevya baada ya matibabu hakupiti wagonjwa wa presha na pumu wanavyorudiwa na hali mbaya. Swali lao lilikuwa kwa nini presha ikirudi tunasema dawa inahitajika, na unga ukirudi tunasema dawa imeshindwa. Mtoto wa McLellan mwenyewe alifariki mwaka 2008 kwa kuzidisha dawa. Baba ambaye kazi yake ni hiyo. Nilikuwa sitaki kukuandikia hili, lakini siku zile ulikuwa ukiniuliza umekosea wapi katika kumlea.

Kuhusu Newala nitakupa haki yako, kwa sababu wazo lako lina mashahidi. Vita vya Vietnam vilipokaribia kwisha, serikali ya Marekani iligundua wanajeshi wake wengi huko wanatumia heroini. Mtafiti aitwaye Lee Robins akawafuatilia waliorudi mwaka 1971. Karibu mmoja katika kila watano alikuwa mraibu kule vitani. Waliporudi nyumbani, kati ya hao, katika mwaka wa kwanza waliorudia uraibu ni kama watano katika kila mia, na wengi hawakupata matibabu yoyote. Watu hawakumwamini. Kwa hiyo kuhama mahali kuna nguvu. Hapo umesema kweli.

Ila wale walijifunzia unga ugenini, wakaacha vita, wakarudi kwenye mitaa ambayo hawakuwahi kuutumia. Binamu alijifunzia hapa, nyuma ya kituo cha daladala, na msimu wa korosho ukiisha atarudi hapahapa. Na akirudi hatakuwa mtu yuleyule kwa ndani. Hiki ndicho kinachonikosesha usingizi. Unaikumbuka ile soba, nyumba ya kuwaachisha watu unga, uliyouzia cherehani yako ili umlipie? Miezi minne. Alitoka amenenepa, anang'aa, ukachinja jogoo. Usiku wa tatu tukamkuta chooni midomo imekuwa ya bluu. Hakutumia zaidi ya alivyozoea, alitumia kiasi kilekile cha zamani. Kwa miezi minne mwili ulikuwa umeshausahau unga, kichwa ndicho hakikusahau. Wale vijana jirani wasingevunja mlango, leo nisingekuwa na wa kumtetea kwa barua hii.

Mwaka 2017 watafiti walikusanya tafiti za watu zaidi ya 120,000 waliotibiwa kwa methadoni, wakahesabu vifo. Wakiwa kwenye dawa, walikufa kama 11 katika kila 1,000 kwa mwaka. Walipotoka kwenye dawa, 36. Na hatari ilikuwa kubwa zaidi katika wiki nne za mwanzo baada ya kuacha. Wewe unataka kumtoa ghafla, katikati ya TB, umpandishe basi na arosto mwilini, kwenda kijijini ambako dirisha la methadoni hakuna na Bibi ana miaka themanini.

Sisemi methadoni ni asali. Inamfunga choo, inamtoa jasho, nauli ya kila siku imekubana na najua hata kitoweo unakikatia. Pale nje ya geti wauza unga wanawajua wagonjwa kwa sura. Na kuitoka si jambo la mwezi; wanaoacha wanashushwa kidogo kidogo, na wapo watakaoinywa miaka. Hayo nakubali yote, na nauli tutagawana, nimeshaongea na Kaka Mkubwa.

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi nitakuja kumchukua. Usimwambie asafishe chochote wala asijieleze. Aweke kwenye mfuko pakiti zote za dawa za TB na ile kadi ya zahanati yenye tarehe aliyoanza, tumwekee daktari mezani avione mwenyewe. Amekubali kusema, ila ameomba wewe usiwemo chumbani akisema kuhusu ule usiku wa sita. Utatusubiri kwenye benchi. Kuna mama mmoja wa Tandale hukaa pale na chupa ya chai ya tangawizi, mtasikilizana.

Na vidonge vyako vya presha njoo navyo, maana mara ya mwisho nilivihesabu kwenye kopo nikaona vimezidi.