Kabla Neema hajaenda kwa daktari

Mombasa, Jumapili usiku

Shoga yangu Rehema,

Salamu nyingi, na mumeo pia. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya mwisho nikiwa juu ya mbuzi nakuna nazi. Nimefurahi, kisha hofu ikaniingia. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu utanikatiza.

Unasema Neema amekubali kukubebea mimba, yai lako na mbegu ya mumeo, na "mambo ya sheria tutayaona baadaye". Baadaye lini? Miaka yote niliyompigia wakili chapa, nimeona ndugu waliopendana wakitenganishwa na karatasi moja. Siku akijifungua, mtoto atafungwa kile kibandiko cha plastiki mkononi: mtoto wa Neema. Sheria yetu ya kusajili vizazi haikuwaza mama wa aina mbili. Mama ni aliyezaa, basi.

Unawakumbuka wale pacha wa Nairobi, 2014? Hospitali haikujua iandike jina la nani, ikamwuliza afisa wa watoto, naye akawabeba akawapeleka makao ya watoto. Na hakuna aliyekuwa akigombana! Aliyewazaa na wenye mbegu walikuwa kitu kimoja. Mahakama Kuu, Jaji Majanja, ikaamua kwamba haki zao zilivunjwa. Sawa, walishinda, lakini zile siku za mwanzo na watoto wao nani atawarudishia? Mwaka uliofuata, kwenye kesi nyingine, Jaji Lenaola akaona aliyezaa aandikwe kwanza, halafu uzazi uhamishwe kisheria. Kwa hivyo tafuta wakili wa mambo ya familia sasa, kabla ya sindano ya kwanza.

(Shekhe wetu angekujibu kwa aya moja tu, kwamba mama zao ni wale waliowazaa, na kikao kingefungwa. Lakini wewe hukuja kwangu kutafuta fatwa.)

Sasa lile linaloninyima usingizi. Neema ni mdogo wako. Karo ya chuo ulimlipia wewe, chumba anacholala ni chako, na sasa umemwahidi duka. Kweli angeweza kukwambia hapana? Simsemei, huenda anafanya kwa mapenzi matupu. Ila mtu anayekula kwako, ndiyo yake haipimwi kirahisi. Mpe nafasi akae na mtu asiye wewe, wala mama yenu, aongee. Na hilo duka mfungulie hata akikataa, tena umwambie mapema.

Uingereza wamelifikiria hili: mbeba mimba ndiye mama kisheria mpaka mahakama itoe amri, na ridhaa yake ya kumwachia mtoto haihesabiki ikiwa ameitoa kabla ya wiki sita tangu kujifungua. Wiki sita, Rehema. Wanajua mwanamke aliyetoka leba jana si wa kuwekewa kalamu mkononi. Hapa kwetu hakuna wa kukulazimisha umpe Neema muda huo. Mpe wewe.

Na kuna swali hujaligusa kabisa. Siku ya tatu maziwa yatakuja, mtoto awe chumba cha pili akilia. Mtakuwa nyumba moja. Mmeongea atafanya nini?

Nipigie Jumatano, nitakuwa nyumbani.

Wako,
Mwanaidi