Barua ya wazi kwa mdogo wangu aliyemtupa mfalme

Mdogo wangu,

Tangu Jumamosi ile barazani Magomeni, karata ulizozitupa hazijanitoka kichwani. Ulipanda daladala ya Mbagala umenuna, hata kuaga hukuaga vizuri, kwa hiyo nakuandikia hapahapa, na wenzako wanaocheza poka wasome.

Ulishika karata zako mbili za siri, ree ya shupaza na mfalme wa uru. Mezani, za wote, zikafunuliwa mfalme wa kopa, tisa ya kopa na nne ya pau. Jozi ya wafalme, na ree juu yake! Nilikuwa nyuma yako na kikombe changu cha tangawizi, naona kidole gumba chako kinavyosugua ukingo wa karata. Katikati palikuwa na maharage 20 tunayochezea badala ya pesa. Ukasukuma matano. Matano tu, kwa yule jirani wa bajaji ambaye tangu magharibi hajatupa kitu, hata mbili na saba, karata mbovu kuliko zote, anaingia nazo.

Hapo ndipo ulipokosea. Mwenye kopa mbili mkononi anatafuta kopa ya tano ili aishinde jozi yako, na zimebaki kopa 9 katika karata 47 asizoziona, kama mara 1 katika 5 hivi kwa karata inayofuata. Wewe ukamwambia alipe 5 agombee 25. Kwa bei hiyo, kushinda mara 1 katika 6 kunamtosha. Ungeweka 15, angelipa 15 kugombea 35, na angehitaji kushinda mara 3 katika 10. Hana hizo. Na angelipa tu, maana yule hulipa kila kitu.

Akalipa. Ikaanguka saba ya kopa mezani, ukagwaya. Kopa tatu mezani zinatisha, sikatai. Lakini zilibaki kopa 10 katika karata 46 usizoziona. Mtu anayecheza karata zozote atakuwa na kopa mbili chini ya mara 5 katika 100. Haya, alishakufuata, labda ana sababu. Zidisha mara tatu, bado hazifiki 15. Ulipaswa kuweka tena, nusu ya kilichokuwepo. Angekufuata na mfalme mwenye karata ndogo, na tisa, hata na kopa moja. Angepandisha juu ya ulichoweka, tupa usijute: asiyepandisha usiku kucha, siku akipandisha anacho.

Ukapita bila kuweka kitu, naye akapita. Ya mwisho mbili ya pau. Ukapita tena, akaweka 15 juu ya 30. Ulipe 15 uchukue 45. Ukishinda mara 1 katika 4 hujapoteza. Ukatupa. Umeme ulikuwa umekatika, akamulika kwa simu tuone: tisa ya uru na sita ya shupaza, jozi ya tisa tu.

Najua ulichokuwa unakiogopa. Mchezo wa kwanza ulimtishia huna kitu, akakufuata na jozi ya nne, ukaishiwa maharage na kutulipia watu watano chipsi mayai. Yule hatishiki, mdogo wangu. Anatazama karata zake tu, uso wako hauoni. Basi ukiwa huna kitu, mwache. Ukiwa nacho, mtoze, maana hapo pia hatatishika.

Jumamosi hii tunacheza tena baada ya magharibi, na mvua ikinyesha shangazi kasema tuhamie sebuleni. Safari ile ulikaa kuliani kwa jirani, karibu kila mara ukawa unaanza wewe. Safari hii nakuwekea kigoda kushotoni kwake, aanze yeye, wewe umwone kwanza.

Dada yako