Asante, mama fundi wa Mbuyuni

Mama fundi mwenye cherehani kibarazani, karibu na Soko la Mbuyuni hapa Moshi, nakushukuru sana. Jina lako sikulipata, lakini blauzi ya kitenge niliyoishona kwa mikono yangu ninayo mwilini.

Uliweka kando kazi za wateja ukanielekeza. Kitenge cha pamba kifuliwe na kupigwa pasi kabla ya kukatwa, maana kikija kusinyaa baadaye, blauzi inabana. Halafu shingo, na hapo ndipo uliponifaa zaidi. Ulikunja kitambaa katikati, ukachora kwa chaki upinde mdogo tu, ukasema, "Mwanangu, shingo ndogo utaipanua, kubwa hairudi." Utepe wa kuizungushia ukaukata kimshazari ili uvutike kwenye mzunguko, kisha ukachanjachanja ukingo kwa ncha ya mkasi bila kugusa mshono. Shingo ikalala yenyewe! Wengine ujuzi huo hawautoi bure.

Ubavuni ukaniachia sentimita 2, nikinenepa nifumue. Pesa ulikataa kabisa. Mungu akuzidishie, mama. Anayemfahamu amfikishie salamu zangu. Kipande kilichobaki namshonea mtoto wa dada.