Barua kwa mwanangu: ile alama si ritifaa

Mwanangu Rehema,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi wazima, na bibi yako hapitishi siku bila kukuulizia. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Kumbe umepewa orodha ya majina ya wanafunzi pale mjini Hilo, huko Hawaii, uichape upya, na mwalimu amekurudishia ukurasa umejaa kalamu nyekundu kwa ajili ya hizo unazoziita koma za juu. Mwalimu ana haki, mwanangu. Nisome polepole kabla hujaigusa tena kibodi.

Hiyo si koma ya juu wala si ritifaa. Ni herufi, na jina lake ʻokina. Alfabeti ya Kihawaii ina herufi 13: irabu 5 na konsonanti 8, na ʻokina ni mojawapo ya hizo nane. Sauti yake unaijua tangu ukiwa chuoni: ni hamza, pumzi kukatwa kooni kisha kuachiwa. Na ule mstari juu ya irabu, kahakō, kazi yake ni kama ya madda, kurefusha. Tazama neno moja linavyobadilika: pau ni kwisha, paʻu ni masizi, paʻū ni unyevunyevu, pāʻū ni sketi, ile ndefu wanayovaa wanawake wapanda farasi kwenye maandamano ya sikukuu. Tena koʻu ni "-angu", na kou ni "-ako". Ukiidondosha herufi hiyo moja, mali ya msemaji umempa msikilizaji. Wewe mwenyewe usingekubali mtu aandike ngoa akimaanisha ng'oa.

Sasa kosa lako limetoka wapi. Umebonyeza kitufe cha ritifaa, na programu ya kuandikia ikajiamulia. Mwanzoni mwa neno hudhani unafungua nukuu, ikaweka alama yenye umbo la 6. Katikati ya neno huweka yenye umbo la 9. Ndiyo maana kwenye orodha yako ʻIolani inaonekana sawa huku Hawaiʻi imegeuka, na hata ile inayoonekana sawa ni alama ya nukuu tu, si herufi. Kompyuta inaichukulia kama uakifishaji: ukibofya neno mara mbili huenda ikachagua nusu yake, ukitafuta jina halipatikani, na ukiiambia programu ya jedwali ianzishe kila jina kwa herufi kubwa, inakutolea Hawai'I, I kubwa mwishoni. ʻOkina ya kweli ina msimbo wake katika Unikodi, ile orodha ya kompyuta inayoipa kila herufi namba yake: 02BB, na umbo lake daima ni la 6.

Dawa yake ni kuongeza kibodi ya Kihawaii kwenye mipangilio ya lugha. Kwenye kompyuta ya Mac, kitufe cha ritifaa kinakuwa ʻokina, na kitufe cha Option pamoja na irabu kinakupa kahakō. Ukihitaji ritifaa ya Kiingereza, bonyeza Option na kitufe kilekile. Kwenye simu, shikilia irabu kidogo mpaka vichaguo vitokeze, uchukue yenye mstari.

Kusahihisha nako kuna njia nyepesi, maana Kihawaii kinafanana na lugha yetu katika jambo moja: silabi huishia kwenye irabu, kwetu kwa kawaida, kwao daima. Tena wao hawaruhusu konsonanti mbili kufuatana. Kwa hiyo ʻokina lazima ifuatwe na irabu. Ukiiona mwishoni mwa neno, au mbele ya k au l, hapo pana kosa, huna haja hata ya kujua maana. Na haina umbo kubwa na dogo: jina likianza nayo, irabu inayoifuata ndiyo inayokuwa kubwa.

Umesema pia kuna faili za zamani zenye "Hawaiÿi" na "Mänoa". Usizifute, hazijaharibika. Kabla kompyuta hazijaijua lugha hii, wataalamu walitengeneza fonti zao, wakakalia nafasi za herufi ambazo Kihawaii hakizihitaji: ä ikachorwa kama ā, ÿ ikachorwa kama ʻokina. Hapo hapo Hilo, chuo kikuu kupitia Hale Kuamoʻo, kituo chake cha lugha ya Kihawaii, kilianzisha mwaka 1994 mfumo wa mawasiliano ya kompyuta ulioitwa Leokī, menyu zote kwa Kihawaii, ili shule zinazofundisha kwa lugha hiyo ziandikiane kutoka kisiwa hadi kisiwa. Mwaka 2002 ndipo kibodi ya Kihawaii ilipoingia ndani ya Mac OS X 10.2, mfumo unaoendesha kompyuta za Mac. Faili la fonti ya zamani likifunguliwa kwenye mashine isiyo na fonti hiyo, unaona nukta mbili badala ya mstari. Badilisha kwa "tafuta na ubadilishe": irabu 5 ndogo, irabu 5 kubwa, halafu ÿ. Ila pita kwanza kwa macho. Kama mna mtoto anayeitwa Müller, u yake ina nukta kihalali, usije ukaitia mstari.

Ukikutana na "HawaiÊ»i", ugonjwa ni mwingine. Hapo faili ni la UTF-8, njia ya kuhifadhi herufi za Unikodi, lakini limefunguliwa kwa usimbaji wa zamani wa Windows, na baiti mbili za ʻokina zimesomwa kama herufi mbili. Usirekebishe kwa mkono. Lifunge bila kuhifadhi, uliingize upya ukichagua UTF-8.

Kuna jambo moja nataka ulishike kuliko yote haya. Jina la mtu usilitie alama kwa kukisia. Magazeti ya Kihawaii, kuanzia Ka Lama Hawaii lililochapwa Lahainaluna, Maui, mwaka 1834, kwa kawaida hayakuweka ʻokina wala kahakō, maana wasomaji walikuwa wenye lugha na walijua pa kukata pumzi. Kisha sheria ya 1896 ikafanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia, na vizazi vikakua bila kuisikia darasani. Lugha ikawa rasmi tena katika katiba ya jimbo mwaka 1978, na mwaka 1984 zikaanza shule za awali za Pūnana Leo, maana yake kiota cha sauti. Katikati hapo majina mengi yaliandikwa kwenye vyeti bila alama, na si kila familia inajua tena zilikaa wapi. Nyingine inajua lakini imechagua kuandika kama babu alivyoandika. Muulize mzazi, mwombe alitamke, mwombe aliandike kwa mkono wake. Kama hana hakika, acha kama lilivyo kwenye cheti.

Na ukitafuta jina la ukoo kwenye hazina za mtandaoni za magazeti hayo, andika bila alama, la sivyo utaambiwa halipo. Jaribu na makosa ya kusoma pia, kwa sababu karatasi zilififia na mashine husoma n kama u. Mwaka 2011 na 2012 watu walijitolea kuchapa kurasa hizo kwa mkono, mstari kwa mstari, kwa sababu hiyo.

Nafasi ya jina kwenye fomu yenu ipanueni. Mwaka 2013 jimbo lililazimika kubadilisha leseni za udereva baada ya mwanamke mmoja kulalamika kwamba jina la ukoo wake, herufi 35 bila kuhesabu ʻokina, lilikatwa mwisho na jina lake la kwanza halikutokea kabisa. Sasa nafasi ni 40.

Kompyuta wanaiita lolouila, ubongo wa umeme. Mtandao ni pūnaewele, utando wa buibui, na wewe unajua sisi tumelitoa neno letu kwenye kutanda kulekule. Nimefurahi sana nilipoliona hilo.

Orodha ukishaimaliza, ichape kwa herufi kubwa kidogo, ukubwa wa 16, uitazame kwenye karatasi. Kwenye skrini 6 na 9 zinafanana. Kisha nitumie nami niipitie kabla hujampelekea mwalimu.

Akupendaye,
Mama yako