Watoto wasimnyonyeshe kilebu akiwa chali

Mhariri,

Shule zikifungwa, sinema ya Beethoven's 2nd ya mwaka 1993 hurudi katika nyumba nyingi hapa Kisumu, na watoto wana haki ya kuipenda. Katika mwendelezo huo Beethoven, jibwa la aina ya Saint Bernard, anapata mwenzi, Missy, wanazaa vilebu wanne, na watoto wa akina Newton, familia inayomfuga, wanawaficha nyumbani wakiamka usiku kuwanyonyesha kwa chupa. Kuamka usiku ni kweli tupu. Ila sinema haifundishi kazi yenyewe, na mtoto anayeiga bila kuelekezwa anaweza kumuua kilebu akidhani anamwokoa.

Hatari kubwa ni mkao. Kilebu hulazwa kifudifudi, tumbo juu ya taulo, kichwa kimeinuka kidogo, jinsi anavyonyonya kwa mama yake. Akilazwa chali, maziwa huingia mapafuni. Ukiyaona yakitoka puani, acha papo hapo, mwinamishe kichwa, kisha mpeleke kwa daktari wa mifugo kwa sababu nimonia inaweza kufuata. Tundu la chuchu nalo lipimwe: pindua chupa, maziwa yadondoke tone kwa tone. Yakichuruzika, tundu ni kubwa mno. Wala chupa isikamuliwe.

Lakini joto hutangulia maziwa. Wiki ya kwanza kilebu hawezi kujipasha mwili. Anapolala pawe na nyuzijoto 29 hadi 32, na usiku wa mvua hata Kisumu haifiki hapo, sembuse Nakuru. Weka ndani ya katoni chupa ya maji moto iliyofungwa kitambaa, ukimwachia nafasi ya kusogea mbali akizidiwa. Aliyepoa asilishwe kamwe. Tumbo lake halisagi chakula, maziwa yatachacha humo. Apashwe polepole kwanza.

Maziwa ya ng'ombe matupu yana protini na mafuta kidogo kuliko ya mbwa, tena humharisha. Ulizia maziwa ya unga ya vilebu kwenye agroveti. Kwa dharura ya siku moja, changanya mililita 250 za maziwa yasiyoondolewa mafuta, viini vitatu vya mayai bila ute, na kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya mahindi. Yawe vuguvugu, kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana.

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui kabisa. Kilebu wa chini ya wiki tatu hawezi kukojoa wala kwenda haja mwenyewe. Mama yake humlamba ndipo atoe. Asipokuwepo mama, kila baada ya kunyonya msugue taratibu chini ya mkia na tumboni kwa pamba iliyolowa maji vuguvugu. Mpime uzito kila siku kwa mizani ya jikoni. Asipoongezeka, usingoje kesho.

Chakula laini huanza wiki ya nne hivi, chanjo ya parvo, ugonjwa hatari wa virusi unaoharisha vilebu, kati ya wiki ya 6 na ya 8, ya kichaa cha mbwa akitimiza miezi mitatu. Na ikiwa mama yupo na ana maziwa, muuzaji asikuharakishe: kilebu asitengwe naye kabla ya wiki nane.

Daktari wa mifugo,
Kisumu