Kaka, mrudishie mtoto kitabu chake

Kaka yangu,

Shikamoo. Najua utasema haya yangezungumzika kwenye simu, lakini kwenye simu wewe huongea na mimi huitikia. Ndiyo maana nimeyaweka hadharani. Jina lako nimelisitiri.

Mtoto ameniambia umemnyang'anya kitabu. Hakulalamika, anakujua. Aliniuliza tu, "Shangazi, kwani mtoto kuwa mpelelezi kuna ubaya gani?" Eti ulimwambia ni upuuzi wa Kizungu, unamfundisha kudanganya wakubwa na kuchungulia yasiyomhusu. Sasa, muuzaji wa mitumba aliniuzia vile vitabu mimi, kwa hiyo kesi ni yangu.

Nianze na ya nyumbani. Unakumbuka ukiwa kidato cha pili, mama akikusifia kwa majirani kwamba mwanawe anasoma jiografia mpaka koroboi inakauka mafuta? Ile jiografia ilikuwa Willy Gamba, jasusi wa riwaya za Elvis Musiba. Ulimvika jalada la gazeti, ukamlaza chini ya godoro, na ukienda kuchota maji nilikuwa namsoma mimi. Elvis Musiba alitukosesha usingizi sote wawili: Willy na bastola yake, Willy na vibaraka wa makaburu, Willy na wale wasichana ambao kurasa zao niliziruka (sikuziruka). Hukuwa shushushu, kaka. Umekuwa mhasibu, na mwaminifu hasa.

Tuje kwa huyu wa mwanao. Anaitwa Alex Rider, na Mwingereza Anthony Horowitz alitoa kitabu cha kwanza cha kijana huyu mwaka 2000. Ana miaka 14, hana baba wala mama, analelewa na ami yake anayedai ni mtu wa benki. Usiku mmoja polisi wanabisha hodi: ami amekufa kwa ajali ya gari, hakuwa amefunga mkanda. Kijana anashtuka. Ami yake alikuwa mtu wa mkanda siku zote, hata safari iwe fupi vipi. Hapo hakuna risasi wala mlipuko, ni mtoto tu anayemjua mzee wake kuliko polisi wanavyomjua.

Kumbe benki ile ni pazia la kitengo kimoja cha MI6, idara ya ujasusi ya Uingereza. Mkuu wa kitengo ni Alan Blunt, mtu asiye na uso wa furaha wala wa hasira, na msaidizi wake ni Bi Jones, anayemung'unya peremende za mnanaa. Wanataka Alex akamalizie kazi aliyoiacha marehemu. Anakataa. Rudia kuisoma hiyo, kaka: anakataa. Basi wanamweleza, kwa ule upole wa watu wa ofisini, kwamba Jack, dada wa Kimarekani anayemtunza, anaweza kurudishwa kwao. Nyumba inaweza kuuzwa. Na yeye hana ndugu mwingine, kwa hiyo kuna vituo vya kulelea watoto. Ndipo anapokubali. Willy Gamba alikuwa mtu mzima, kazi yake aliipenda. Huyu ameshikwa pabaya.

Zana zenyewe ni za kuchekesha. Bastola hapewi kwa sababu ya umri, kwa hiyo fundi wao, Smithers, anampa yoyo yenye uzi unaoweza kumbeba mtu, na dawa ya chunusi inayoyeyusha chuma. Dawa ya chunusi! Mwanao alicheka mpaka akapaliwa. Paji lake la uso limeshaanza, sijui kama umeona.

Nadhani unawaogopa watoto wa vitabuni wakati wa kuogopwa ni wakubwa wao. Kazi moja ikiisha, wanamrudia kwa nyingine. Shuleni wanapeleka habari kwamba anaumwa, mpaka wenzake wanamwona wa ajabu. Mwisho wa kitabu cha tano, kilichotoka 2004, anapigwa risasi barabarani, akitoka kwenye hiyo hiyo benki, na wasomaji wakaachwa wakingoja cha mwaka uliofuata kujua kama yuko hai. Mwaka huo huo wa 2004 Robert Muchamore alianza hadithi zake za CHERUB, idara nzima ya siri ya watoto majasusi, kwa hoja hii: mhalifu atamshuku mgeni yeyote, ila mtoto aliyekuja kucheza na mwanawe atamkaribisha chai.

Hoja hiyo ni kweli, na ndiyo inayonitisha. Mwaka 2018 kamati ya Bunge la Malodi kule Uingereza ilihoji polisi kuwatumia walio chini ya miaka 18 kama wapasha habari wa siri. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ikasema ni halali. Blunt si wa kubuniwa kama unavyodhani.

Na Kiswahili kina neno lake, la Kongo: kadogo. Hao ndio watoto waliotembea na jeshi la waasi la Laurent Kabila kuelekea Kinshasa mwaka 1996 na 1997. Baadaye, huko Ituri, mashariki mwa Kongo, ikawa zamu ya Thomas Lubanga, kiongozi wa wapiganaji, na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ikamtia hatiani Machi 2012 kwa kuwaingiza jeshini watoto wa chini ya miaka 15 na kuwatumia vitani. Alex ana 14. Zile Kanuni za Paris za 2007, mwongozo wa kimataifa kuhusu watoto wanaotumiwa na majeshi na vikundi vya silaha, hazitazami bunduki peke yake: mpishi, mpagazi, mjumbe na jasusi, wote wakiwa watoto, wamewekwa kundi moja na aliyepigana. Nilipolisoma neno jasusi kwenye orodha ile nilimkumbuka kijana na yoyo yake, na sikucheka tena. Labda ndiyo sababu kwenye riwaya zetu sijakutana na shujaa jasusi wa umri ule. Aliyeishi jirani na kadogo halisi ataipatia wapi ile raha?

Lakini hilo si la kumnyang'anya mtoto kitabu. Ni la kukaa naye.

Kuna kimoja cha 2009 kinachomleta Alex mpaka Kenya. Adui ni Desmond McCain, bondia wa zamani, mbunge wa zamani, mfungwa wa zamani, sasa ni mtu wa dini mwenye shirika la misaada. Mpango wake ni kuitia sumu ngano ya Kenya ili njaa ije, michango imiminike, naye aichote. Jasusi wa Kihindi anamnusuru Alex na mamba, kisha bwawa linalipuliwa na mashamba yanazama. Mimi nilikipenda, maana wazo la shirika linaloitengeneza njaa kwanza, halafu ndiyo lipitishe bakuli, lina pilipili. Mwanao alikimaliza, akakaa kimya, kisha akaniuliza, "Shangazi, wenye hiyo ngano wako wapi humu? Mbona hawasemi?"

Ana miaka 13, kaka. Mimi nilikisoma chote na swali hilo halikunijia.

Nitakuja Jumamosi na samaki wa kukaanga. Kitabu kiko juu ya kabati la vyombo, nyuma ya birika la wageni, usiniulize nimejuaje. Willy Gamba wako ninaye mimi miaka yote hii, na gazeti ulilomvika bado halijamtoka. Nitamleta naye.

Mdogo wako