Tukimtaja Dk. Hamlin tumtaje na Mamitu

Ndugu mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Akitajwa Dk. Catherine Hamlin, yule mama wa hospitali ya fistula Addis Ababa, utasikia wanawake zaidi ya 60,000 wametibiwa halafu basi, habari imeishia hapo. Kwangu mie hapo ndo inaanza.

Mama huyu alizaliwa Sydney 1924, akaja Ethiopia 1959 na mumewe Reginald, wote madaktari wa akina mama, mkataba miaka mitatu tu, kazi ni kuanzisha shule ya wakunga. Fistula walikuwa hawajawahi kuiona kwao. Wakaja kukutana nayo huku, binti kashikwa uchungu siku tatu nne kijijini hospitali iko mbali, mtoto kakwama, kichwa kinabana nyama za ndani kwenye mfupa wa nyonga mpaka damu haifiki, nyama zinakufa panabaki tundu kati ya kibofu na uke, mtoto mara nyingi anazaliwa mfu, na yeye mkojo unamvuja usiku na mchana. Wengi wanaachwa na waume, majirani wanawakwepa sababu ya harufu. Na bado ni watoto wa watu, wengine hata miaka 20 hawajafika jamani.

Mkataba ukaisha wakabaki. 1974 wakafungua hospitali ya fistula peke yake, mume akafariki 1993, mama akaendelea, kafika miaka 90 bado anafanya upasuaji. Amefariki Machi 2020 ana miaka 96, nyumba yake ikiwa humohumo kwenye eneo la hospitali.

Sasa Mamitu Gashe. Huyu alikuja kama mgonjwa miaka ya 60, binti wa kijijini hajui kusoma wala kuandika, wakamtibu lakini hakupona kabisa, akabaki hapo anatandika vitanda na kusaidia wenzake. Wakamwona mikono yake ina utulivu, wakaanza kumfundisha kidogo kidogo, leo kushika vifaa kesho kushona, mpaka akawa anafanya upasuaji wa fistula mwenyewe na kuwafundisha madaktari wenye digrii zao! 1989 chuo cha madaktari wa upasuaji cha London kikawapa medali ya dhahabu, na Mamitu yumo.

Nalisema hili kwa uchungu maana wapo madaktari wanakaa wodini miaka 40, wanaheshimika kweli, ila siku wanastaafu ujuzi wote unaondoka nao, manesi waliosimama pembeni yao miaka yote hawajaruhusiwa hata kuuliza swali. Hamlin hakuona aibu kumfundisha mtu ambaye hata jina lake hawezi kuliandika.

Kwahiyo mhariri ombi langu ni dogo tu, Mei 23 ni siku ya kimataifa ya kutokomeza fistula, mkiandika kuhusu Dk. Hamlin wekeni na picha ya Mamitu, ya ukubwa uleule.

Msomaji wenu wa siku nyingi